Betri Iliyopimwa Bandani mwa Vifaranga

Jumatatu, 5 Mei. Tunduma.

Betri ya laptop yangu imebakiwa na asilimia thelathini na nane ya uwezo iliotoka nao kiwandani. Aliyesema hivyo ni Restuta Simbeye, fundi wa kompyuta mwenye chumba kimoja nyuma ya maegesho ya malori, saa nne na robo asubuhi, baada ya kuisoma kwa programu yake na kunionyesha namba kwenye kioo. Jana nyumbani nilipima mwenyewe kwa saa ya mkononi: tangu kuchomoa chaja hadi kuzima, dakika arobaini na saba. Vyanzo viwili vimekubaliana.

Nilikwenda kwake kwa sababu ya simu ya Sebastian, mhariri wa kanda wa gazeti letu. Ukurasa wa Songwe hutoka kila Ijumaa na hufungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Masika yaliyopita, umeme ukikatika kila mvua inaponyesha, niliuchelewesha mara nne.

"Dada Ruti," alisema, "wakubwa wameniambia nihesabu, kuanzia mwezi huu hadi mwisho wa Juni. Ukichelewa mara tatu, ukurasa unahamia Mbeya. Si mimi, ni wao."

Nilimjibu kwamba nimeandika. Sebastian nilimfundisha kazi mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa anaweka "inasemekana" katika kila aya. Sasa ananihesabia.

Betri mpya ya mashine yangu Tunduma haipo. Ile niliyopata mwaka jana ilivimba ndani ya wiki tatu. Laptop mpya imo kwenye bajeti ya Julai. Habari naweza kuiandika kwa simu, lakini ukurasa naupanga mwenyewe pamoja na picha, na programu ya kupangia haiingii kwenye simu.

Restuta alivuta pazia la mlango. "Bamayo, njoo uone." Ndivyo anavyowaita, yaani mama, wateja wake wanaovuka mpaka kutoka Nakonde, na mimi amenitia humohumo. "Lile lori la bluu lina saa tatu halijasogea. Sikiliza injini."

"Inanguruma."

"Linakwenda wapi?"

"Haliendi."

"Basi prosesa yako ndivyo ilivyo. Wewe unaandika barua, yenyewe inanguruma kama inapanda mlima Senjele. Tutaifundisha kutulia."

Kazi ina sehemu mbili. Kwanza tunaiwekea prosesa kikomo cha mwendo. Pili tunapunguza volti inayokula, milivolti kumi kumi, hadi tujue inavumilia kiasi gani. Volti, anasema, ndiyo yenye faida kubwa, maana ukiipunguza kidogo matumizi yanashuka zaidi ya kidogo hicho. Mashine nyingi mpya zimefungwa mlango huo. Yangu ni ya zamani, bado uko wazi. Leo ameshusha mwendo kutoka gigahezi 2.8 hadi 1.8. Volti tutaigusa baadaye.

Anaongea sana. Nimeandika nusu.

Alhamisi, 8 Mei.

Ukurasa umefika saa kumi na dakika arobaini. Umeme ulikuwepo siku nzima. Hakuna zaidi.

Jumatatu, 12 Mei. Nyumbani.

Mwendo wa 1.8, mwanga wa kioo nusu: dakika sitini na moja. Nimerudia mchana: sitini. Naandika sitini.

Alhamisi, 15 Mei. Mlowo.

Nimechelewa mara ya kwanza. Nilikuwa Mlowo kwa habari ya wanunuzi wa mahindi, umeme ukakatika saa nane. Nilimaliza mahojiano kwanza, nikawasha mashine saa tisa na nusu. Saa kumi na dakika ishirini mashine ilikuwa inasema imebakiwa na asilimia ishirini na mbili. Dakika moja baadaye ilizima. Haikuonya. Umeme ulirudi saa kumi na moja na robo, ukurasa ukafika saa kumi na moja na dakika thelathini na nne.

Kosa ni langu. Nilitegemea chanzo kimoja, tena chanzo kinachojisemea chenyewe.

Sebastian alituma neno moja: "Moja."

Jumamosi, 17 Mei. Tunduma.

Restuta amesikiliza habari ya Mlowo akiwa ameshika bisibisi mdomoni. "Hiyo asilimia ni makadirio," alisema alipoitoa. "Betri ikichoka, makadirio nayo yanachoka. Chini ya ishirini na tano usiiamini. Hesabu dakika zako."

Kisha tukaingia kwenye volti. Alitoa milivolti hamsini, akaipa mashine hesabu nzito ya kufanya kwa dakika ishirini, ikasimama imara. Sitini, sawa. Sabini, sawa. Kila hatua aliniamuru niandike saa ya kuanza na ya kumaliza, na nilipoandika "kama dakika ishirini" alikata neno "kama" kwa kalamu yangu mwenyewe. Kwenye mia na kumi kioo kiliganda, mshale haukusogea.

"Imeumia?" niliuliza.

"Haijaumia. Imekosa nguvu ya kufikiri. Zima, washa, inarudi volti ya kiwandani. Ndiyo maana siiwekei ijipunguze yenyewe ikiwaka. Kila asubuhi utaweka kwa mkono wako mpaka tuiamini."

Alirudi mia, ikasimama. Akarudi tisini, akaacha hapo. "Mia ni ukingoni," alisema. "Mtu halali ukingoni mwa kitanda."

Nyumbani nipime siku tatu mfululizo. Narekebisha nilichoandika tarehe 5: haongei sana. Wateja wake ndio hawasikilizi, kwa hiyo anarudia.

Jumatano, 21 Mei. Nyumbani.

Siku tatu, kila siku saa kumi na mbili asubuhi barazani, kabla umeme haujaanza mambo yake. Dakika themanini na nne, themanini na tano, themanini na nne. Haijaganda hata mara moja.

Ezron, mume wangu, alipita na ndoo akielekea kwenye kahawa. Alisimama kunitazama nimejifunga kitenge juu ya sweta, vidole vimekufa ganzi. Kengele ya misheni ilikuwa inalia.

"Mama Tumpale, unalinda nini hapo?"

"Dakika."

"Zinaibiwa?"

"Zilikuwa zinaibiwa. Nimepata thelathini na saba."

"Ukipata za ziada niletee huku shambani," alisema, akaenda.

Alhamisi, 22 Mei.

Umeme ulikatika saa tisa na robo, ukarudi saa moja jioni. Ukurasa umefika saa kumi na nusu.

Alhamisi, 29 Mei.

Umefika. Saa kumi kasorobo.

Alhamisi, 5 Juni. Kamsamba.

Nimechelewa mara ya pili.

Niliteremka bondeni jana kwa ajili ya mkutano wa wakulima wa mpunga na wafugaji. Kila mwaka mpunga ukishavunwa, ng'ombe huruhusiwa kuingia mashambani kula mabua. Kila mwaka pia kuna mtu ambaye mpunga wake bado umesimama, na ng'ombe ambao hawajaambiwa. Mwaka jana ng'ombe waliingia siku nne mapema na watu wawili walilazwa. Safari hii wanataka njia moja ya mifugo na tarehe moja, na wanataka tarehe hiyo itoke gazetini. Mwenyekiti wa wakulima, Yonasi, alinieleza sababu: "Tangazo la karatasi kila mtu anasema hakuliona. Gazeti hatuwezi kusema tumelichapa sisi."

Leo ulikuwa mkutano wa kwanza, wa kukubaliana njia. Ulikwisha saa nane mchana. Nilikaa kwenye ukumbi wa bati, umeme haupo, betri imejaa. Niliweka mwendo 1.8, volti pungufu tisini, nikaanza.

Saa nane na dakika kumi na moja kioo kiliganda. Nilizima, nikawasha, nikaweka tisini tena. Kiliganda baada ya dakika sita. Nikadhani ni picha, nikazipunguza, nikaweka tisini tena. Dakika nne. Nilipoacha volti ya kiwandani mashine ilitulia, lakini ilikuwa imekula robo ya betri kwa kuwaka na kuzima, na sasa ilikuwa inakula kama zamani. Saa tisa na dakika ishirini ilizima. Nilipata umeme Mlowo. Ukurasa ulifika saa mbili kasoro dakika kumi, na Sebastian alikuwa ameushikilia kwa namna ambayo sijui.

Yonasi alikaa nami muda wote, akipunga daftari kama feni. Mzee mwenye maneno mengi, nilidhani. Mashine ilipozima alisema machache: "Mwandishi, sisi tarehe yetu ni mkutano wa mwisho, tarehe 26. Siku hiyo itakuwaje?"

Nilimwambia nitakuja na jibu.

Sebastian: "Mbili, Dada. Tafadhali."

Ijumaa, 6 Juni.

Nimempigia Restuta saa mbili asubuhi na kumsomea daftari.

"Kamsamba kulikuwa na joto kiasi gani?"

"Nje thelathini na mbili. Ndani ya ukumbi sikupima. Zaidi."

"Na zile siku tatu ulipimia wapi?"

"Barazani."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili asubuhi."

Alicheka hadi nikasogeza simu mbali na sikio. "Bamayo, na mimi nilipimia hapa Tunduma nimevaa koti. Wote wawili tumepima kwenye baridi, tukaipeleka kwenye joto. Ile tisini ni ya mlimani. Prosesa ikipata moto inahitaji volti zaidi kidogo, haitosheki na ileile."

"Kwa hiyo nipimie Kamsamba."

"Kwenda, kurudi, kwenda tena? Tafuta joto hukohuko kwako."

Hapa kwangu ni Mbozi, mwezi wa Juni. Asubuhi ya leo kulikuwa na nyuzi tisa.

Jumatatu, 9 Juni. Nyumbani.

Joto lipo. Lipo mita ishirini kutoka jikoni.

Ezron alileta vifaranga mia mbili Ijumaa jioni. Wanakaa kwenye banda la udongo lililozibwa kwa magunia, jiko la mkaa katikati, bomba la kutolea moshi juu, na kipimajoto kimening'inia usawa wa mgongo wa kuku. Nyuzi thelathini na tatu hadi thelathini na tano, mchana kutwa. Hakuna mahali pengine wilaya hii, mwezi huu, penye hali ya hewa ya Kamsamba inayolindwa na mtu.

Nilimwomba ruhusa.

"Wana siku nne," alisema Ezron. "Wakishtuka wanalaliana, wanakufa."

"Haina kelele. Restuta amesafisha feni."

"Itakaa wapi?"

"Juu ya kigoda. Na mimi nitakaa pembeni."

"Ukikohoa unatoka."

Nilikaa saa tano na nusu kwa vipindi vitatu. Mwendo 1.8, pungufu tisini: iliganda dakika ya sita, sawasawa na Kamsamba. Nilifurahi kuiona ikiganda. Maana yake banda linasema kweli. Pungufu themanini: dakika ya kumi na tisa. Sabini: iliganda dakika ya arobaini na moja, nilipokuwa nimeanza kuiamini.

Vifaranga waligundua kwamba mashine ina joto upande wa kushoto. Kufikia saa nane mchana kulikuwa na kumi na wawili chini ya kigoda na watatu juu ya herufi. Mmoja aliandika mstari mzima wa herufi k. Nimeuhifadhi kama ushahidi kwamba mashine ilikuwa hai saa nane na dakika tatu.

Jumanne, 10 Juni.

Restuta kwa simu: "Usishindane na volti peke yake. Shusha na mwendo. Ikitembea polepole haihitaji nguvu nyingi, hata kwenye joto."

Mwendo 1.4, pungufu sabini: saa nzima bila kuganda, mara tatu. Tumerudi hadi sitini ili tusilale ukingoni. Muda wa betri ndani ya banda: dakika themanini na tisa, themanini na nane. Picha sasa inafunguka kwa sekunde kumi na moja badala ya sita. Sekunde tano nazimudu.

Ezron alisimama mlangoni. "Wanakua vizuri," alisema. "Nilidhani utawaua."

"Wameizoea."

"Wataililia."

Alhamisi, 12 Juni.

Umefika saa kumi na dakika tano.

Jumatatu, 16 Juni. Tunduma.

Restuta amefungua mashine kusafisha. Alitoa kitu kwenye feni kwa kibano, akakiinua kwenye mwanga.

"Bamayo, hii ni nini?"

"Unyoya."

Aliuweka kwenye kikasha cha skrubu. Anasema katika miaka tisa ametoa mchanga, mende, unga wa ugali na pete ya ndoa. Unyoya ni wa kwanza.

Alhamisi, 19 Juni.

Umefika. Imebaki wiki moja hadi mkutano wa mwisho.

Alhamisi, 26 Juni. Kamsamba.

Mkutano wa mwisho ulipangwa saa tatu asubuhi. Ulianza saa sita na nusu, kwa sababu Yonasi na kiongozi wa wafugaji waliamka kuipima njia ya mifugo kwa kamba, wakakuta kwamba kamba zao hazilingani. Walikwenda kutafuta ya tatu. Umeme haukuwa na dalili tangu juzi. Paneli ya sola ya ofisi ya mtendaji inachaji simu tu.

Makubaliano yalisainiwa saa tisa na robo. Nilikuwa na dakika mia moja na tano hadi kufungwa kwa ukurasa, na betri ya dakika themanini na nane. Sikuwasha. Niliandika habari yote kwanza kwenye daftari kwa kalamu, dakika ishirini na mbili. Ndani ya ukumbi wa bati kipimajoto cha Ezron, nilichokiazima, kilisoma thelathini na sita. Nyuzi moja zaidi ya vifaranga.

Saa tisa na dakika thelathini na saba niliwasha. Mwendo 1.4, pungufu sitini. Nilianza kunakili.

Ilipita dakika kumi. Ishirini. Mshale ulikuwa unatembea. Yonasi alikuwa amesimama mlangoni akizuia watu wasiingie na joto lao.

"Imeganda?" aliuliza kiongozi wa wafugaji nyuma yake.

"Mwache mama wa watu."

"Nauliza tu. Safari ile ilimgandia."

"Safari ile ulikuwepo wewe. Ndiyo maana."

Saa kumi na dakika kumi niliwasomea kwa sauti sentensi ya tarehe, kwa sababu ndiyo iliyonileta: ng'ombe kuingia Jumamosi, tarehe 28 Juni, saa moja asubuhi.

"Hapo," alisema mama mmoja kutoka benchi la nyuma. "Felista mimi. Mimi na jirani zangu wawili mpunga wetu bado umesimama. Tunakata hadi Jumapili jioni. Mkutanoni nilinyoosha mkono hamkuniona."

Yonasi alifumba macho. Karatasi ilikuwa imeshasainiwa na kupigwa muhuri. Kiongozi wa wafugaji angeweza kusema imeshapita, na kwa karatasi angekuwa na haki. Alitazama kamba ya tatu iliyokuwa bado begani mwake.

"Ng'ombe wangu wamesubiri tangu Aprili," alisema. "Siku mbili hawatajua. Andika Jumatatu."

"Nani anasema Jumatatu?" niliuliza. "Nahitaji wote wawili."

"Mimi," alisema.

"Na mimi," alisema Yonasi. "Mtendaji naye yuko hapa, arekebishe karatasi, tusaini upya. Mama Felista, wewe utakuwa shahidi."

Walisaini saa kumi na dakika ishirini na nane. Nilibadilisha tarehe sehemu nne: habari, kichwa, maelezo ya picha na kisanduku. Picha zilifunguka kwa sekunde zake kumi na moja kila moja. Saa kumi na dakika arobaini na nne ukurasa ulikuwa tayari, dakika sitini na saba za betri zimetumika. Mtandao ulichukua muda. Betri ilisoma asilimia thelathini na moja. Ishirini na nane. Ishirini na tano. Kuanzia hapo niliacha kuitazama, nikatazama saa.

Sebastian alijibu saa kumi na dakika hamsini na sita: "Umeingia."

Nilizima mwenyewe. Dakika sabini na tisa, haikuganda hata mara moja.

Yonasi aligusa mfuniko kwa kiganja kama anayempima mtoto homa. "Mbona haina moto?"

"Inatembea polepole."

"Kumbe hata mashine inafundishika," alisema, akimtazama jirani yake wa kamba.

Ijumaa, 27 Juni.

Gazeti lilifika Kamsamba saa sita mchana na bodaboda. Kwa mujibu wa Yonasi, limebandikwa sehemu tatu, na kiongozi wa wafugaji amenunua nakala ya kwake akaikunja mfukoni.

Sebastian amepiga. Ukurasa unabaki Songwe. Nilimuuliza jinsi alivyoushikilia tarehe 5. Alisema alimwambia mpangaji kurasa kwamba yeye mwenyewe amekosea kichwa cha habari na anakirekebisha. Alikirekebisha kwa saa mbili na dakika hamsini. Wakubwa, alisema pia, walitaka kuanza kunihesabia tangu Machi. Yeye ndiye aliyeomba waanze Mei.

Narekebisha nilichoandika tarehe 5 Mei kuhusu Sebastian.

"Dada," alisema kabla ya kukata simu, "laptop yangu inakaa dakika hamsini. Huyo fundi yuko wapi?"

Jumatatu, 30 Juni.

Ng'ombe wameingia mashambani saa moja na dakika kumi asubuhi, kwa kufuata njia iliyopimwa. Amesema Yonasi kwa simu, na Felista, aliyekuwa amesimama kando yake, amethibitisha: mpunga wake ulitoka shambani jana saa kumi na mbili jioni.

Laptop mpya itatolewa tarehe 21 Julai, imesema ofisi. Restuta ameniuliza ni aina gani, nikamsomea. Ni ya zile zilizofungwa mlango wa volti. Tutashusha mwendo tu. Ya zamani sitaiuza wala kuiweka kabatini. Inabaki kuwa ya Kamsamba.

Sebastian anakuja Tunduma na mashine yake Jumamosi, tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi. Restuta amemtaka aje na chaja, daftari na kalamu. Kipimo cha joto kitafanyika nyumbani kwangu kuanzia tarehe 12 Julai, vifaranga wapya wakishaingia bandani. Ezron amekubali, mashine moja kwa wakati mmoja, na mhariri asikohoe.